Picha Chini ya Picha

Espoir alitoka dirishani na laptop kifuani.

Gentille alitoka nyuma yake, pamoja na kioo.

Aliangukia mabati ya mama muuza sombe, yaani kisamvu. Mama akapiga yowe. "Eh Mungu wangu! Mwanamuke gani huyu?" Gentille alishakuwa chini, mbio.

Kartié Lumumba, Bunia, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Vumbi, mbuzi, moto za taxi, pikipiki za abiria, zikipiga honi. Espoir hakuwa mkimbiaji. Baba wa miaka arobaini, tumbo mbele, kandambili miguuni. Kwenye kona ya pili kandambili moja ilimkimbia. Kwenye kona ya tatu Gentille alimrushia kofia yake ya moto, ikampata kisogoni. Akala vumbi.

Goti mgongoni. Glock 19 nyuma ya sikio.

"Lucien iko wapi?"

"Lucien gani, yaya, dada yangu? Miye ni fundi wa picha! Ya mariage, ya ndoa, ya carte ya kitambulisho!"

"Ndiyo sababu nakuuliza weye."

Watu wakasogea kutazama. Gentille akainua kadi ya Idara ya Ujasusi. Watu wakakumbuka kazi zao.

Lucien alikuwa jasusi wa Idara. Miezi minne aliishi ndani ya kundi la Alexis, msafirisha dhahabu ya magendo, akiiandikia Idara daftari la safari zao, na juzi walimgundua. Leo saa tatu asubuhi picha iliingia kwenye simu ya Idara: Lucien amefungwa kwenye kiti, nyuma yake Ziwa Albert. Na maneno chini: *Tuko naye Kasenyi. Mukuye na daftari yake. Midi, saa sita, anakufa.* Jeep tatu zikaondoka mbio kuelekea ziwani, askari wote ndani.

Gentille peke yake aliendelea kuitazama ile picha. Mambo mawili yalimuudhi. Kwanza uso. Mtu amepigwa siku mbili, ngozi ing'ae vile? Pili, ziwa. Alilijua ziwa lile! Mtumbwi wa njano kushoto, ndege watatu juu. Linaning'inia sebuleni kwa mdogo wake Élise, kwenye picha ya ndoa. Nusu ya maharusi wa Bunia wamesimama mbele ya ziwa lile na hakuna hata mmoja aliyelowa kidole, kwa sababu ziwa lenyewe linaishi ndani ya laptop ya Espoir.

Bwana harusi wa Élise ndiye Lucien. Na Élise ana mimba ya miezi saba.

Basi asilaumiwe mtu kwa kofi alilokula Espoir pale chini. Lilikuwa kofi la familia.

"Simama. Turudi studio."

Laptop ilikuwa imepasuka kona, lakini iliwaka. Espoir aliiweka mezani.

"Fasiria. Haraka."

"Yaya, hii Photoshop ni nyumba. Ndani ya nyumba naita programu ingine, Luminar, sawa vile unaita fundi wa rangi aingie chumba kimoja. Inafunguka humu humu, Photoshop haifungike. Inapanguza ngozi, inaondoa vidonda, inakata mutu, inamuweka ku ziwa. Nikimaliza nabonyeza Appliquer. Inarudisha kazi ndani ya Photoshop, inajifunga."

"Inarudisha juu ya nini?"

Espoir akafuta vumbi kwenye skrini. "Juu ya copie, nakala. Siku zote nafanya copie mbele. Ni sababu ya bamama. Mama anachagua ziwa, kesho anarudi: hapana, nataka villa. Nikiharibu original, uso yake nitaitoa wapi tena?"

"Original ya Lucien iko?"

"Alexis alisema nifute. Nikamuapia nimefuta." Alitazama mlangoni. "Lakini mikono ilizoea, yaya. Ilifanya copie yenyewe."

"Nionyeshe."

Upande wa skrini kulikuwa na calque mbili, kama karatasi mbili zimelaliana. Espoir aliibonyeza ya juu ifichike.

Ziwa likatoweka.

Espoir mwenyewe akageuza uso.

Lucien wa kweli alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Mdomo umechanika, damu hadi kifuani. Nyuma yake hapakuwa na maji. Palikuwa na ukuta mweupe wa bati, mabomba yenye barafu, na maboksi ya thomson, wale samaki wa baridi wanaoliwa Bunia nzima, yamepangwa hadi darini. Kwenye ukuta, kwa rangi ya bluu: CHAMBRE FROIDE LA PATIENCE, IGA BARRIÈRE.

Friji. Walimfungia mtu ndani ya friji.

"Mbwa hawa!" Gentille alisema. Hasira ilimpanda mpaka macho yakamuuma.

Nje, injini ya moto ilizima.

"Ni Chance," Espoir alinong'ona. "Mutu ya Alexis. Alisema atakuya kukamata laptop."

Chance aliingia na bastola yenye kizuia sauti. Laptop haipigwi risasi, kwa hiyo Espoir alielewa papo hapo risasi ni za nani, akaingia chini ya meza.

Risasi ya kwanza ilitoboa pazia la picha. Ya pili ilivunja taa. Ya tatu haikutoka. Gentille alikuwa ameshika trépied ya kamera, ile miguu mitatu ya chuma, kwa mikono miwili, akaishusha juu ya kifundo cha mkono wa Chance. Mfupa ukalia. Chance akatoa kisu kwa mkono mwingine, akamchana Gentille bega. Alikuwa na nguvu, huyo bwana. Alimsukuma hadi ukutani, kisu kikishuka kuelekea shingo, polepole, pumzi yake ikinuka pombe.

Gentille alimpiga kichwa puani. Mara mbili. Kisha trépied, mguu wa chuma, chini ya kidevu.

Chance alikaa chini kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena.

Gentille alifunga bega kwa kitambaa cha studio na kushika redio yake ya Motorola.

"Mlima, hapa Shoka. Rudisha jeep."

Sauti ya Muzee Josaphat, mkuu wake: "Shoka, ziko karibu kufika Kasenyi."

"Lucien haiko Kasenyi. Ile ziwa ni fond ya studio, picha ya nyuma tu."

"Unasema nini?"

"Nasema munafukuza picha ya mariage, Muzee. Lucien iko Iga Barrière, ndani ya chambre froide. Dhahabu inapita kule wakati siye tunaenda kuangalia maji."

"Ngojea renfort, askari bakuye."

"Renfort itafika kumuzika."

Alizima redio. Akamtazama Espoir, ambaye bado alikuwa chini ya meza.

"Weye, usifute kitu."

"Sifute, yaya. Hata kama ningetaka, sijue kufuta."

Moto ya Chance, TVS nyekundu, ilikuwa na ufunguo. Barabara ya Iga ni mashimo na malori, na Gentille aliyapita yote kwa gia ya mwisho, bega likivuja. Kichwani alikuwa na sauti moja tu, ya Élise: *Yaya, umurudishe.*

Saa sita kasoro dakika nane.

Depo ya La Patience ilikuwa nyuma ya soko. Groupe, jenereta yao, ilinguruma ikilisha friji umeme. Kwenye ua, lori limejazwa maboksi ya samaki, injini inawaka. Mlinzi mwenye AK aligeuka kusikia moto.

Gentille hakufunga breki.

Moto ilimpata kifuani, ikambandika kwenye ukuta. Gentille alikuwa amesharuka, akibingirika, Glock mkononi. Risasi mbili, tairi mbili za lori. Dereva aliruka akakimbilia soko, mwenye akili. Mlinzi wa pili alitokea kati ya maboksi na panga. Gentille alivuta kifyatulio.

Tak. Ilikwama.

Panga likashuka. Alikwepa, likakata boksi, samaki wakamwagika, wagumu kama mawe. Alikamata bonge zima la thomson, kilo kumi za barafu, akampiga nalo usoni. Meno yalitoka. Alimpiga tena. Bonge likapasuka, na ndani yake kikang'aa kipande cha njano, kirefu kama kidole.

Alexis alisimama mlangoni pa friji, viatu vyeupe, mikono juu. Bastola yake ilikuwa sakafuni. Hakuwa mtu wa kupigana mwenyewe.

"Dada, tusikilizane. Kila boksi iko na dhahabu. Chagua boksi moja."

Gentille aliikwamua Glock.

"Ufunguo."

"Chukua mbili."

Risasi ilimpata gotini. Alianguka akilia kama mtoto.

"Ufunguo."

Aliutupa.

Ndani, baridi ilimpiga Gentille kama kofi. Lucien alikuwa ameanguka na kiti chake, barafu kwenye nyusi. Hakutetemeka tena, na hilo ndilo lililomtisha. Gentille alikata kamba, akamburuta hadi juani, akamsugua kifua kwa nguvu zake zote.

"Shemeji! Amuka! Usinifanyie hivi! Nitamwambia Élise nini?"

Gentille aliogopa. Watu wanne alikuwa amewaangusha tangu asubuhi bila kupepesa, na sasa alikuwa akimsihi mmoja apumue.

Mdomo uliochanika ukasogea.

"Baridi," Lucien alisema.

"Baridi gani, mujinga weye? Uko kwa jua!" Alicheka, machozi yakimtoka.

Alipiga simu.

"Élise. Iko muzima."

"Unanidanganya, yaya. Asubuhi balinionyesha picha, uso muzuri kabisa, nikajua ameshakufa. Maiti ndiyo banapamba vile. Tuma picha ingine."

Lucien aliinua mkono akaficha uso. "Hapana. Asinione hivi. Bapanguze kwanza."

"Toa mukono."

"Yaya, tafazali."

"Toa."

Gentille alipiga picha na simu yake ya Tecno, akaituma ilivyo, damu na uvimbe na kamasi.

Jibu lilikuja kwa sauti. Kwanza kilio kirefu. Halafu: "Ni yeye! Angalia vile bameniharibia bwana! Ni yeye, iko muzima!"

Gentille alimfunga Alexis na walinzi wake kwenye bampa ya lori. Aliwasha redio tena, ikalia papo hapo.

"Shoka, hapa Mlima. Tuko njiani. Hali?"

"Lucien muzima. Dhahabu iko ndani ya samaki. Mukuye mbio, jua ni kali, itaanza kunuka."

Aliinua moto, usukani umepinda. Akampandisha Lucien nyuma, akamvalisha koti lake, akaondoka polepole kuelekea Bunia, kwa Élise.