Kisu Kilichosubiri Jina

Ka!

Mlio mmoja tu. Mkavu, mfupi, kama kidole kinachovunjwa chumba cha pili.

Fundi alifumbua macho gizani, akatulia. Alikuwa akilala nyuma ya karakana yake ya makochi, na sauti za pale alizijua zote: mbao zikijinyoosha, panya akichimba sponji, bati likipoa. Hii haikuwamo. Akasubiri irudie. Haikurudia. Akachukua tochi, akanyata mpaka kwenye meza ya kukatia.

Kisu kipya kilikuwa wazi.

Alikikunja mwenyewe kabla ya kulala. Alikikunja, akakitia kwenye kifuko chake cha ngozi, akabana kifungo. Sasa kifuko kilikuwa palepale, kimebanwa vilevile, na kisu kimelala juu yake, ulimi nje. Kando yake kilikuwapo kisu cha zamani, kile alichojitengenezea kwa kipande cha msumeno wa chuma na kukizungushia mpira wa baiskeli kwenye mpini. Mpira ule ulikuwa umechanwa kutoka juu hadi chini. Haukunyofolewa. Ulichanwa taratibu, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi.

Na chumba kizima kilinukia chaki.

Siku ile hakuwa amechora kitambaa chochote.

Kisu chenyewe alikuwa amekinunua jioni iliyotangulia, kwa bei ambayo mtu mwenye akili zake hununulia cherehani. Sifa zake zilianzia mlango wa pili, kwa Kinyozi, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kujua likizo.

"Hicho si kisu, bwana mkubwa," Kinyozi alikuwa akisema, wembe mkononi, kichwa cha mteja kwapani. "Hicho ni mchumba. Ukikikunja ukakitia mfukoni, unatembea kifua mbele."

"Kinakata nini ambacho changu hakikati?"

"Changu, changu! Hilo bati lako lililofungwa mpira? Hilo kakatie mkate."

Mteja alicheka mpaka akakatwa kidogo sikioni. Kinyozi hakucheka. Alikuwa akisifia huku jasho likimtiririka, kama mtoto anayekariri somo mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Fundi aliliona hilo, akalipuuza.

Kwa Kinyozi pekee asingenunua. Aliyemsukuma ni dada yake.

Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mkono wa birika hasa: sabuni aliikata kwa uzi ili lisipotee hata vumbi lake. Sasa dada huyo huyo alikuja karakanani, akafungua fundo la kanga, akaweka mezani nusu ya bei.

"Nunua, mdogo wangu. Kazi yako ni kukata. Utazeeka na kipande cha msumeno?"

"Dada, wewe leo una homa?"

"Koo tu linanisumbua," akajibu, akaikaza skafu yake mpaka kidevuni. Jua lilikuwa kali, lakini skafu hiyo hakuitoa.

Fundi aligeuka kando apanguse macho. Maisha yake yote hakuwahi kuona dada akifungua fundo lile kwa hiari.

Muuzaji alikaa kwenye chumba kilichokuwa zamani studio ya picha. Pazia lenye bustani ya kuchorwa lilikuwa bado ukutani, maua yamepauka. Hakukuwa na mteja mwingine. Kisu kilikuwa mezani juu ya kitambaa cheusi, na yule mtu aliyekaa nyuma yake alikuwa na mikono misafi mno.

"Punguza kidogo, mzee."

"Hakipunguzwi. Jaribu."

Fundi alikijaribu kwenye kipande cha ngozi ya kochi. Ngozi ilifunguka yenyewe, kama inayoogopa kuguswa. Akalipa.

"Kuandika jina kwenye bapa ni bure," muuzaji akasema.

"Andika Fundi."

"Hilo la kazini."

Fundi akamtajia jina la shuleni.

"Hilo la makaratasi," muuzaji akasema kwa upole. "Naomba lile mama alilokunong'oneza."

Fundi alicheka. Kicheko kikakwama njiani.

"Nani kakwambia ninalo?"

"Kuwa nalo, nimeambiwa. Lenyewe sikuambiwa. Ndiyo maana nauliza."

Kwa kweli alikuwa nalo. Mama yake alizaa watoto wengi kati ya dada na yeye, na wote walizimika kabla ya kutambaa. Alipozaliwa yeye, mama alimpa jina kwa kunong'ona, mlango umefungwa. Akamwambia dada, "Hili ni la ndani. Kilichowachukua wenzake hakilijui, na tusikifundishe." Mama aliondoka nalo. Likabaki kwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Dada alikuwa akimwimbia kwalo alipougua, midomo imegusa sikio, sauti ndogo kuliko pumzi. La dada, kama lilikuwapo, yeye hakuwahi kuambiwa.

"Sina jina jingine," akasema.

"Basi naacha nafasi." Muuzaji alikikunja kisu bila kukitazama. "Litajiandika likitajwa."

Hivyo ndivyo kilivyofika nyumbani. Na usiku ule ndipo kilipolia mara ya kwanza.

Asubuhi Fundi aliona mstari mweupe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mwembamba, ulionyooka, kama ule anaouchora yeye juu ya kitambaa. Aliusugua kwa sabuni. Aliusugua kwa mafuta ya taa. Ngozi ilichubuka, mstari ukabaki.

Usiku uliofuata, ka! Kulipokucha mstari ulikuwa kwenye kiwiko.

Alikitupa kisu chooni. Alikikuta mezani, kisafi, kimekauka. Akampa mpita njia bure. Yule mtu alikipokea, akatembea kidogo, akarudi amekunja uso, akakiweka mlangoni bila neno. Akajaribu basi kukitumia, maana fundi ni fundi hata akiwa na hofu. Alikata ngozi, turubai, sponji nene. Kilikata vizuri. Kilikata vizuri sana. Lakini hakuna kitu hata kimoja kilichokatwa nacho ambacho kile kipande cha msumeno hakikuwahi kukikata. Kwa upande wa kazi, bei yote ile, kilikuwa kisu tu.

Alipokuwa akichora mto wa kochi, mkono ulimganda katikati ya mstari. Fundi hupima. Kisha huchora chaki. Kisha...

Akavua shati mbele ya kioo. Mstari ulikuwa umefika begani, na ulikuwa unapinda kuelekea shingoni.

Alikwenda kwa Kinyozi mchana kweupe, akakunja mkono wa shati bila salamu. Kinyozi aliutazama mstari. Wembe ukamtoka mkononi.

"Kaa nje kidogo, kijana," akamwambia mteja.

"Nitoke na nusu kichwa?"

"Nusu ndiyo fasheni. Toka!"

Akafunga mlango. Sauti yake, ile iliyozoea kusikika mtaa mzima, ikashuka mpaka chini kabisa.

"Umefika wapi?"

"Begani. Ulikuwa unajua?"

Kinyozi akafungua ukosi. Shingo yake ilikuwa safi.

"Wangu ulifika hapa." Akagusa chini ya taya. "Kinachora tu, hakikati. Hakiwezi kukata mtu kisiyemjua jina la ndani. Sasa ukitaka mstari ukuache, unamleta mtu mwingine. Anunue chake, kwa hiari yake. Siku atakayokifungua mbele yako, unamtaja kwa jina lake la ndani. Mstari wako unaondoka, unamwendea yeye. Na kwake... kwake hauwi chaki tena."

"Wewe ulimtaja nani?"

Kinyozi aliinama kuokota wembe. Alichukua muda mrefu kuuokota.

"Baba mkwe alikuwa ananipenda sana," akasema.

Nje, mteja wa nusu kichwa alikuwa anapiga mluzi.

"Na bado unakisifia! Kila siku, kwa kila mtu!"

"Nikinyamaza, ngozi inaniwasha hapa, chini ya taya. Nikikisifia, inatulia. Ulidhani nalipwa?" Akamshika mkono. "Sikiliza. Jina lako la ndani, nani analijua?"

"Mtu mmoja tu duniani. Dada yangu."

"Aliyekulea?"

"Ndiye mama yangu, ukitaka kusema kweli. Hata nusu ya bei alitoa yeye."

Kinyozi alimtazama. Kisha akatabasamu, jasho likimchuruzika, na akajibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akikisifia kisu.

"Basi una bahati, bwana mkubwa. Una bahati sana."

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofika kwa dada. Alikwenda na ombi moja tu: asilitamke. Asilitamke hata usingizini, hata akiwa na homa. Maadamu limo ndani ya kifua kile, yeye ni mzima. Njia nzima alitembea na wazo hilo, na lilimpa joto.

Sare zilikuwa zimetundikwa kila ukuta, mikono yake mitupu ikining'inia. Dada alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, taa ya meza imeelekezwa mlangoni. Skafu ilikuwa imebana shingo.

Chumba kilinukia chaki. Fundi alisita kizingitini. Kisha akajicheka: nyumba ya mshonaji inukie nini?

"Funga mlango, mdogo wangu."

Alifunga. Akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote, mwanzo hadi mwisho. Dada hakushangaa mahali popote. Mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani, ukilizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, bila uzi.

"Umekuja nacho?"

"Hakiachiki."

"Kitoe nikione."

Alikitoa. Aliposhusha macho aone pa kukiweka, dada alinyoosha shingo apate kuona vizuri, na fundo la skafu likalegea.

Mstari mweupe ulitoka nyuma ya sikio, ukapita chini ya taya, ukakaribia kooni. Ulibakiza upana wa kidole.

Fundi aliutazama. Aliikumbuka kanga iliyofunguliwa fundo. Aliikumbuka shingo safi ya Kinyozi.

"Dada," akasema. "Chako kiko wapi?"

Dada akavuta droo ya cherehani. Kilikuwamo, kati ya vifungo na vipande vya chaki, kimelala wazi. Kwenye bapa palikuwa na nafasi tupu, kama kwenye chake.

"Mimi ndiye niliyewahi kukisikia kwanza," akanong'ona. "Nikasema kitakata vitambaa mara mbili upesi. Nilitaka tu kufanya kazi upesi."

"Dada."

"Nilikubeba mgongoni nikipiga pasi. Nililala na njaa ili wewe ule."

"Najua."

"Basi usinitazame hivyo!"

Ka!

Fundi hakukifungua. Kilifunguka chenyewe kiganjani mwake, polepole, hata akaona makali yakigeukia juu. Akakibana kwa mikono miwili akikunje. Hakikukunjika. Akataka kukitupa. Vidole havikufunguka.

"Dada, mama alisema lisitoke ndani."

"Mama alisema uwekwe," dada akajibu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ule mstari, bila kuufuta. "Uwekwe kwa siku mbaya. Ndiyo maana akakuita vile. Wewe hukuwahi kufikiria linamaanisha nini?"

Alisimama. Akazunguka cherehani, akaja, akamkumbatia kichwa kama zamani za homa. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimejaa unga wa chaki. Midomo ikagusa sikio.

Fundi alifumba macho. Na sehemu moja ya moyo wake, ile ya utotoni, isiyojua lolote, ilitulia na kungoja kuimbiwa.

"Akiba," dada akasema. "Akiba wangu."