Sweta la Bi Dirisha

Mlinzi wa lango la chuo alimtazama mara mbili. "Mama, umetoka saa ngapi tena? Si nimekufungulia saa moja?"

Karani wa masjala alicheka kidogo, akapita. Siku tisa alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake, na huyu mzee wa lango macho yalikuwa yameanza kumdanganya.

Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo la utawala, chumba kisicho na dirisha, kuta zikitoa jasho mwaka mzima. Wengi waliopangiwa humo hawakumaliza miezi sita. Yeye alimaliza miaka kumi na tisa, akaongezewa kikohozi. Barua alizoandika kuomba chumba chenye dirisha zilimpatia jina tu: Bi Dirisha. Hata hivyo alijua kila faili la mwanafunzi lilipolala, na hakuna siku aliyowahi kuondoka na kuacha foleni mlangoni.

Alikuta mlango uko wazi. Harufu ya karatasi mbichi ilimpiga puani, kali kuliko siku zote, na nyuma ya makabati mhuri ulikuwa ukigonga, pa, pa, pa, bila kupumzika.

Mpokea barua, mwenzake wa meza ya pili, alikuwa akifunga vitu vyake kwenye boksi.

"Nani yuko kwenye meza yangu?"

"Umerudi mapema," mpokea barua alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

Bi Dirisha alifungua daftari la mahudhurio. Siku zote tisa, mbele ya jina lake, palikuwa na sahihi yake, tena imenyooka kuliko anavyoiandika mwenyewe.

"Nilikupa barua ya ruhusa umpelekee Msajili."

"Niliisahau kwenye mkoba. Halafu nikaogopa kukusainia, Msajili alikuwa ananichunguza. Nikaweka daftari kwenye kiti chako, nikasema kwa utani, aliyemo humu na asaini." Akatupa kikombe chake kwenye boksi. "Kalamu ikainuka, mwenzangu."

"Ukanyamaza siku tisa?"

"Kile kitu hakikohoi. Hakiombi dirisha. Kimemaliza mafaili ya miaka mitatu, na Msajili akadhani ni usimamizi wangu. Leo nahamia juu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekula naye sahani moja miaka kumi na tisa. Uchungu ulizidi woga, ndio maana akaenda nyuma ya makabati, hatua kwa hatua, mhuri ukizidi kugonga, mpaka akaona mgongo wake mwenyewe, sweta lake la kijivu alilokuwa ameliacha kitini, kisogo chake chenye kovu la utotoni, na mkono wake ukipanda na kushuka, ila mabega hayakupumua, na jasho la ukuta lilikuwa likitiririka sakafuni kuelekea miguu ile na kuishia hapo, kama linanywewa.

Msajili aliingia. Aliwaona wawili. Kisha akachukua karatasi.

"Saini."

Bi Dirisha aliandika, sahihi ikapinda kama siku zote. Kile cha kwenye kiti kikaandika, ikanyooka. Msajili alilinganisha na daftari.

"Yako hailingani."

"Mkuu, unanijua."

"Namjua anayefanya kazi bila kunisumbua." Akamgeukia mpokea barua. "Wewe umekaa naye. Ni yupi?"

Mpokea barua aliangalia boksi lake. Aliangalia ngazi za kwenda juu. Halafu akanyoosha kidole kwenye kiti.

Bi Dirisha hakulia. Alimwangalia tu mpokea barua, mpaka mlinzi wa lango alipoitwa, akamshika mkono kwa upole na kumwambia, "Twende, mama."

Walipofika mlangoni mhuri, uliokuwa umeanza kugonga tena, ulinyamaza. Kile kitu kiliinuka, kikavua sweta, kikalikunja vizuri, kikaja nalo. Kilisema kwa mara ya kwanza, kwa sauti yake, ila haikuwa na kikohozi.

"Chukua sweta lako, dada. Mimi sisikii baridi."