Picha ya Mbele

Mfagizi wa barabara alikutwa kwenye kichochoro cha nyuma ya ghala la saruji, Jumatano asubuhi, saa tatu ikiwa imepita kidogo. Alikuwa amelala kifudifudi, nyonga imevunjika, fagio lake limekatika vipande viwili. Alikuwa hai, lakini hakuweza kusema. Aliyemkuta ni mpakiaji wa ghala. Alisikia kishindo, akatoka, akawahi kuona teksi nyeupe yenye mstari wa kijani ikikata kona. Namba hakuiona.

Kichochoro kile hakina pa kutokea. Gari likiingia, hutoka kinyumenyume. Kwenye lami palibaki vipande vya plastiki nyekundu, vya kava la taa ya nyuma.

Gari la wagonjwa lilichelewa, maana barabara ya soko ilikuwa imechimbwa alfajiri ile kutengeneza bomba la maji lililopasuka, na upande mmoja tu ndio uliopitika. Koplo aliyelisindikiza hadi hospitali alilalamika njia nzima. Aliporudi, saa nne kamili, mafundi wa maji walikuwa wameshafukia shimo na kuondoka, na magari yanapita juu yake kama kwamba hapakuwa na kitu.

Kufikia Ijumaa, polisi walikuwa wamekagua teksi zote za aina ile zenye mstari wa kijani. Mbili tu zilitiliwa shaka. Moja ilikuwa na ufa kwenye taa ya nyuma, lakini plastiki yake haikupungua hata kipande, na dereva wake alikuwa mji mwingine siku hiyo pamoja na abiria wanne walio tayari kumtetea. Iliyobaki ilikuwa na kava jipya upande wa kushoto, linang'aa. La kulia lilikuwa la zamani, limepaukia juani. Chini ya kava jipya, bampa lilikuwa limebonyea. Dereva wake aliitwa Polepole, jina alilopewa na abiria waliochelewa.

Inspekta alimhoji mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa sauti ileile.

"Taa hii uliibadilisha lini?"

"Sijaibadilisha, afande."

"Taa hii uliibadilisha lini?"

"Mama, mimi gari langu naliogesha kuliko ninavyooga mwenyewe, lakini kwa mbele. Nyuma huoshwa na mvua. Mpaka mliponionyesha, sikujua."

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Saa mbili nililiacha gari kwa fundi wa kamera. Nilitaka kamera mbili, ya mbele na ya nyuma. Nimechoka kusingiziwa kila mkwaruzo mjini hapa." Polepole alijikuna kidevu, kama aliyesikia alichokisema. "Nikarudi nyumbani nikalala. Adhuhuri nikalifuata."

"Nani alikuona umelala?"

"Mto. Ila huo hauitwi mahakamani."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka, ingawa alimruhusu Koplo amalize.

"Kadi ya kamera yako tumeiangalia," alisema. "Picha ya kwanza ni wewe unaondoka dukani adhuhuri. Kabla ya hapo ni tupu."

"Basi ndivyo nilivyokabidhiwa. Afande, Jumatatu mkinifikisha kwa hakimu, leseni imekwenda. Nina miaka ishirini barabarani na sijawahi kugonga hata kuku. Mke wangu tangu asubuhi haongei, anapanga tu vyombo. Anavipanga, anavipangua."

Alipopelekwa ndani, Koplo alifungua maelezo ya fundi. "Huyu mzee anatuchezea. Fundi anasema gari lilifika saa nne, si saa mbili. Na dada yake, yule anayeuza kwenye kaunta, anasema hivyohivyo."

"Hivyohivyo namna gani? Amesema lilifika saa nne, au amesema alilikuta saa nne?"

Koplo alisoma tena, kidole juu ya mstari. "Duka hulifungua saa nne. Alipofika, gari lilikuwa uani."

"Hayo ni mambo mawili, Koplo."

Inspekta alishuka kulitazama gari uani kwa polisi. Alikaa kiti cha dereva. Juu ya dashibodi, kutoka pembe hadi pembe, palitandazwa kitambaa cha kufuma, chekundu na cheupe, mistari yake inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Pembe ya kulia ilikuwa na ua la njano, limefumwa vibaya, petali tatu upande mmoja na moja upande wa pili.

"Mama mkwe wake ndiye aliyekifuma," Koplo alieleza dirishani. "Mzee anasema fundi alimwambia akiondoe, akamjibu kwamba kitambaa cha mama mkwe hakiondolewi, labda aondolewe yeye."

Inspekta aliweka gari kwenye rivasi. Kijiskrini cha kamera kilikuwa kikionyesha barabara ya mbele. Papo hapo kikageuka, kikaonyesha ukuta wa nyuma. Akaondoa gia. Picha ya mbele ikarudi.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la kamera akiwa na nguo za nyumbani. Hakudanganya chochote: mumewe alikuwa amemsumbua mwezi mzima kuhusu kamera ya gari lao.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, kaunta ya kioo, na ukutani televisheni kubwa iliyokuwa ikionyesha barabara baada ya barabara, bila sauti. Mlango wa nyuma ulielekea uani, ambako mtu alisikika akitoboa chuma.

"Karibu, dada," alisema mwanamke wa kaunta, kijana, mchangamfu. "Ya mbele tu, au mbele na nyuma?"

"Tofauti yake?"

"Ya mbele tu inakutetea kwa uliyemwona. Lakini wanaokugonga kwa nyuma huwaoni, na hao ndio waongo zaidi. Chukua mbili." Alitoa maboksi matatu. "Usitazame ukubwa wa boksi. Uliza kama namba ya gari la mbele inasomeka jua likiwa usoni, na kama inasomeka jioni. Uliza ndani kuna betri au hakuna. Yenye betri, gari likikaa juani inavimba kama andazi. Na kadi nunua ya kustahimili, maana kamera inaandika, ikijaa inafuta ya zamani, inaandika tena, siku nzima. Kadi ya simu inakufa ndani ya mwezi."

"Na kurudi nyuma?"

"Hapo ndipo fundi anapojulikana. Kuna waya unaounganishwa na taa ya rivasi. Ukiweka rivasi, skrini inageuka yenyewe, unaona nyuma. Waya huo usipounganishwa, skrini inabaki mbele. Kaka yangu huufunga mwisho kabisa, akisharidhika na mengine."

"Anajuaje kama ameridhika?"

"Analizungusha gari barabarani kwanza. Kaka yangu haachii gari bila kulizungusha. Ya nyuma hasa, bila mtikisiko huwezi kujua kama itainama." Alionyesha televisheni. "Na mimi kila gari likirudi nachomoa kadi, nanakili picha kwenye kompyuta, narudisha. Nzuri natundika hapa, na mbaya pia, ili mteja aone tofauti. Hii inayokuja ni mbaya. Itazame."

Kwenye televisheni, gari lilikuwa likienda taratibu. Nusu ya chini ya picha ilifunikwa na kivuli kilichorudi kutoka dashibodi hadi kwenye kioo cha mbele: mistari myekundu na myeupe, inapanda na kushuka.

"Unaona mng'ao huo? Mtu ameweka tambara lake la rangi juu ya dashibodi, jua likapiga, kioo kikawa kama kanga. Kuna kichujio cha kupunguza, au uondoe tambara."

Inspekta alisogea. Katika pembe ya kivuli palikuwa na ua la njano, petali tatu upande mmoja na moja upande wa pili. Nyuma ya ua, barabara ya soko ilikuja wazi. Gari lilipunguza mwendo, likabana upande mmoja. Wanaume watatu walisimama ndani ya shimo hadi kiunoni, mmoja ameinua bomba la buluu.

"Rudisha kidogo," alisema. "Hiyo ni ya siku gani? Haina tarehe."

"Tarehe huwa hatuiweki mpaka gari linakabidhiwa. Ni ya wiki hii. Jumatano, ndiyo. Nilipofika nilimkuta kaka ametoka kwenda kununua kitu dukani ng'ambo, gari lipo uani, nikachomoa kadi. Ya nyuma sikuitundika, imeinama, inaonyesha bampa tu."

"Kaka yako alijua umenakili?"

"Ningemwambia nini? Ni kazi ya kila siku. Televisheni yenyewe haitazami, anasema inampa kizunguzungu." Tabasamu lake lilianza kupungua. "Kwani wewe ni nani, dada?"

Inspekta alitoa kitambulisho na kukiweka juu ya boksi la bei kubwa. "Mwite kaka yako, tafadhali. Na hiyo picha isimamishe hapo hapo."

Fundi aliingia akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mrefu, mwenye miwani ya kazi iliyosukumwa juu ya paji. Koplo, ambaye Inspekta alikuwa amemtuma kwenye maduka ya vipuri ng'ambo ya barabara, aliingia nyuma yake na kusimama mlangoni.

"Teksi ya Polepole ilifika hapa saa ngapi Jumatano?" Inspekta aliuliza.

"Nimeshasema. Saa nne."

"Ikiwa na kamera?"

"Kamera niliifunga mimi, itakujaje nayo?"

"Kufunga kunachukua muda gani?"

"Saa nzima, ukifanya haraka."

"Tazama ukutani."

Fundi alitazama. Kwa muda macho yake yalitafuta kasoro ya kazi, kama yalivyozoea. Kisha yakatua kwenye shimo.

"Shimo hilo lilichimbwa alfajiri ya Jumatano," Inspekta alisema. "Saa nne lilikuwa limefukiwa, Koplo alipita juu yake. Picha hii imepigwa kabla ya saa nne, na kamera uliyosema hukuwa hata umeanza kuifunga."

"Barabara ni ileile, teksi ni nyingi. Hiyo inaweza kuwa gari lolote."

"Lenye kitambaa hicho?"

"Vitambaa vimejaa mjini."

Dada yake ndiye aliyejibu, na hakumjibu Inspekta. "Kaka, si ulilalamika wewe mwenyewe? Ulisema mzee amegoma kuondoa tambara la mkwewe, lenye ua kama mdudu aliyekanyagwa."

Fundi hakumtazama.

"Ulikwenda kununua nini ng'ambo?" Inspekta aliuliza.

"Waya."

"Koplo."

"Nimetoka huko sasa hivi," Koplo alisema. "Muuza vipuri anakumbuka vizuri. Kava la taa ya nyuma, la kushoto, peke yake. Alikubembeleza uchukue jozi kwa sababu moja itaonekana mpya. Ukasema una haraka."

Televisheni ilikuwa imetulia ukutani, na mtu mwenye bomba alikuwa bado ameinua bomba. Fundi alivuta kiti cha wateja akakaa.

"Niliingia kichochoroni kugeuza," alisema. "Nikaweka rivasi. Nikatazama skrini. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu."

"Waya wa rivasi ulikuwa hujaufunga."

"Huwa naufunga mwisho." Alivua miwani ya paji. "Niliangalia picha ya mbele nikarudi nyuma. Mimi. Ninayewafundisha watu wote mji huu. Nilipohisi kishindo nikashuka, nikamwona. Nikadhani amekufa."

"Alikuwa akipumua. Kwa nini hukuita mtu?"

"Sina leseni. Nimefeli mtihani mara mbili, sikurudi tena. Na chama cha teksi kilikuwa kimeshakubali nifunge kamera magari yote. Nani angempa kazi hiyo fundi asiye na leseni, aliyegonga mtu na gari la mteja wake?"

"Kwa hiyo ukambadilishia mzee taa, ukafuta kadi, ukasogeza saa."

"Sikutaka kumsingizia. Nilitaka taa isionekane."

"Ijumaa alipokamatwa ulikuwa na nafasi ya kusema. Koplo alikuja hapa hapa, ukamwambia saa nne."

Dada yake alisogea hadi kwenye televisheni akanyoosha mkono kuizima, kisha akaurudisha. "Niizime, au bado mnaihitaji?" aliuliza.

"Tunaihitaji," Inspekta alisema. "Na nakala za kompyuta, za mbele na za nyuma. Na maelezo yako, uyarudie yote kama ulivyoniambia."

"Mimi nilikuwa nauza kamera tu."

"Najua."

"Mama yetu nitamwambiaje?"

Swali hilo halikuwa la polisi. Inspekta alimwachia muda wa kulia, kisha akaanza kuandika.

Jumapili mfagizi alifungua macho na kuomba maji. Jioni hiyohiyo Polepole alikabidhiwa funguo na kamera yake. Alilizunguka gari lote, mbele na nyuma, akasimama mbele ya lile kava jipya kama anayetazama jino la bandia.

"Kitambaa nacho ukiondoe sasa," Koplo alimtania. "Kinaharibu picha."

"Hicho? Nitakifua na kukipiga pasi." Alikinyoosha kwa viganja vyote viwili, ua likakaa pembeni mwake. "Mama mkwe akijua kimenitoa ndani, atanifumia na cha nyuma."

Akawasha. Akaweka rivasi, na kijiskrini kikageuka mara moja, kikaonyesha uwanja wa polisi uliokuwa wazi hadi getini. Polepole hakukitazama. Aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje, akageuza shingo hadi mwisho, na kurudi nyuma taratibu mno hivi kwamba Inspekta, aliyekuwa akisubiri kupita, alilazimika kuzima gari lake.