Kibati Kilichotolewa Ubaoni

Alasiri ile nyumbani walikuwepo wanne: mjane, mwanawe Kibonge wa miaka mitatu, mama mkwe wake, na karani wa zamu wa mgodini, aliyekuja kuwajulia hali na mkate kwapani. Wa tano hakukaribishwa na mtu.

Mji wao ulikuwa reli moja na shimo moja la makaa ya mawe. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chenye namba: akishuka anakitundika ubaoni, akipanda anakichukua. Shimo lilipoporomoka, mume wa mjane hakupatikana. Karani, roho ikimuuma, alikitoa kibati chake ubaoni akamletea mkewe, angalau apate cha kushika.

Tangu siku hiyo, kila king'ora cha kutoka kazini kilipolia, bafuni alisikika mtu akioga. Mjane akienda, hakuti mtu, ila ndoo ya maji meusi na harufu ya makaa mabichi. Hakusema. Alianza kuyapasha moto maji na kuacha taulo mlangoni, maana wako ni wako hata akija nusu.

Alasiri ile king'ora kililia, maji yakamwagika, na Kibonge akatoka bafuni kichwa kimelowa, mabegani ana alama nyeusi za viganja vikubwa, akisema kwa furaha kwamba baba anataka waende wote kazini.

Mama mkwe alimvuta, akazitazama alama.

"Mwanangu alikatwa kidole na behewa," alinong'ona. "Mkono wa kulia alibaki na vinne. Hapa ni vitano, huku na huku."

Akamgeukia mjane.

"Kibati kikitoka ubaoni, mtu kapanda. Basi kapanda asiye wetu. Kirudishe, mkwe wangu."

Karani akasema alidhani anatenda wema.

"Ulitenda, baba," bibi akamjibu.

Kukirudisha kulikuwa kukiri kwamba mumewe yuko chini milele. Mjane alimbeba mtoto mgongoni, kibati mkononi, na alipovuka kizingiti sauti ya mumewe, ile ile, ikamwita kwa upole, "Mke wangu, maji yanapoa," naye akaenda, akaifuata reli karani akiwa ubavuni pake, na nyuma yao nyayo zilizolowa zikichapa mataruma, zikikaribia, harufu ya makaa ikimjaa kooni, wala hakugeuka, mpaka akaufikia ubao, akakitundika.

Nyayo zikakoma. Ndipo akalia kilio alichokuwa hajakilia bado. Karani alimpokea mtoto.

Mwaka uliofuata mgodi ulifungwa, na treni haikusimama tena mji ule.