Kobe Aliyesamehewa Upesi

Jumamosi Soko Kuu la Morogoro hufurika watu, na penye watu wengi adabu huwa adimu. Kwa sababu hiyo Eustace Kamugisha alisimama kando kidogo ya turubai la vitabu vya mitumba, shati jeupe limechomekwa, viatu vinang'aa kana kwamba gwaride la asubuhi la shule ya bweni bado lilimngoja. Alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha Kihonda, na macho yake yalikagua hata siku ya mapumziko. Alipomwona dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha zambarau akitia kikapuni kitabu cha picha cha watoto pamoja na riwaya nene yenye mwanamke nusu uchi jaladani, alishindwa kunyamaza.

"Samahani, dada. Hivyo viwili haviendi pamoja."

"Kwa nini, kaka? Vitapigana?"

"Kimoja ni cha mtoto."

"Na kingine ni cha mama yake."

Muuza vitabu aliangua kicheko. Eustace, ambaye hakuzoea kuchekwa, alishangaa kujikuta naye anacheka.

"Naitwa Eustace."

"Editha. Umeshanikagua, au kuna sehemu imebaki?"

Editha alifundisha hesabu za biashara chuoni Mzumbe. Kabla ya mwezi kwisha, Eustace alikuwa amemwingiza katika chama chake cha wasomaji, kilichokutana mara moja kwa mwezi nyuma ya mgahawa mmoja mjini. Mwenyekiti, Mama Filomena, mwalimu mstaafu, alikuwa ameweka sharti ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja: kila mwanachama atoe maoni juu ya kitabu cha watu wazima na juu ya kitabu cha watoto.

"Mtu mzima anayeona haya kusoma cha mtoto," alizoea kusema, "huyo bado hajakua."

Katika vitabu vya watu wazima Editha alisema ya kawaida. Katika vitabu vya watoto aliwaacha watu midomo wazi. Juu ya kobe aliyewaibia wenzake maji kisha akasamehewa karamuni, alisema: "Kobe amesamehewa upesi mno. Hakuna aliyemuuliza kama ameacha." Juu ya mfalme asiyetaka kuoga: "Haogopi maji. Anaogopa kuvua taji, watu wasije wakaona kichwa chake ni kidogo." Wahadhiri, makarani na wauguzi walitazamana, kisha wakapiga makofi.

Jioni hiyo Eustace alipiga simu.

"Mpenzi, maneno yale unayatoa wapi?"

"Milimani."

"Usinitanie."

"Sikutanii, laazizi. Nikipanda Mgeta kwa mama, nashuka nayo."

"Nitakuoa kwa ajili ya kichwa hicho."

"Kichwa tu? Shingo unamwachia nani?"

Eustace alicheka peke yake chumbani, mtu mzima na heshima zake. Mwaka ulipokaribia kutimia aliamua kutafuta mshenga, na akamdokeza Mama Filomena.

Kisha ukaja mkutano wa Agosti. Eustace alikuwa amesoma riwaya ya mwanamke aliyemwacha mtoto wake kijijini kwa bibi, akaenda masomoni, akapata mchumba mjini, wala asimwambie habari za mtoto hadi mkesha wa harusi. Mwandishi alimpa harusi yake vilevile. Jambo hilo lilimkera Eustace kama kosa la kiwandani. Alisimama wima, mikono nyuma.

"Mwandishi huyu ameupaka uongo asali. Mwanamke anayemficha mtoto wake hastahili mume mwema. Hastahili harusi. Haki yake ni upweke, na kama kalamu ingekuwa yangu, ningempa."

Makofi yalilia. Mama Filomena, kwa desturi, alimgeukia aliyefuata.

Editha alisimama. Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi ya manjano, na rangi hiyo ilizidi kuudhihirisha weupe wa midomo yake iliyokauka.

"Maoni yangu ni mafupi," alisema. "Huyo mwanamke ni mimi. Mwanangu anaitwa Jesca."

Alichukua mkoba akatoka. Hakuna aliyesogeza kiti. Eustace alibaki amesimama, mikono bado nyuma, kama mwanafunzi aliyesahau amri inayofuata.

Hadithi hii haitamtetea Editha. Aliyekaribia kuposwa alipaswa kusema, na alisema akiwa amechelewa. Lakini hasira ya Eustace nayo haikuwa safi. Alijiambia kuwa ameonewa. Alijiambia hivyo asubuhi akifunga kamba za viatu, na adhuhuri mbele ya sahani isiyoguswa. Hatimaye alipiga simu.

"Ulinidanganya mwaka mzima, Editha."

"Nilikuficha. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini siku ya kwanza sokoni uliposema kimoja ni cha mtoto, nilikwambia kingine ni cha mama yake. Ulicheka. Na tangu hapo umenisindikiza kununua vitabu vya watoto, mara ngapi? Mkaguzi mzima hukuuliza hata siku moja vinasomwa na nani."

Eustace alikaa kitandani.

"Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia," aliendelea Editha. "Kwanza nilitaka kujua unavyowasoma watu. Sasa najua. Tena, nikupe na lingine. Yale ya kobe, ya mfalme, yote uliyoyasifu, si yangu. Mimi nilikuwa nayabeba tu. Ni ya Jesca. Ana miaka saba."

"Saba?"

"Ulisema utanioa kwa ajili ya kichwa. Hicho kichwa ni cha mtoto uliyemhukumia mama yake upweke. Usiku mwema, Eustace."

Simu ilikatika. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Eustace alijiona amekosea jambo ambalo kipimo chochote cha kiwandani kisingelinasa. Kama angenyamaza, angempoteza Editha, na angestahili.

Jumamosi ya mkutano uliofuata kiti cha Eustace kilikuwa kitupu. Alikuwa amepanda Mgeta. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta ya kabichi na njegere alipobisha hodi kwenye nyumba ya tofali aliyoelekezwa, viatu vyake vimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umemfuata Editha? Yuko bustanini."

"Nimemfuata Jesca, mama."

Bibi alishika mdomo. Mtoto alijitokeza mlangoni, sweta la shule limepinda kola, pengo mbele.

"Shikamoo. Wewe ndiye uliyesema mama akae peke yake?"

Eustace alihisi masikio yakiwaka. "Ndiye mimi. Nani amekwambia?"

"Mama alimwambia bibi. Walidhani nimelala."

"Nimekuja kusema kuwa nilikosea."

"Maneno yale uliyasemea hapa?"

"Hapana. Mjini, mbele ya watu."

"Basi mbona unaomba radhi hapa? Shuleni ukimtukana mtu darasani, unamwomba radhi darasani. Ukimwomba chooni haihesabiki."

Alishtuka. Hiyo ilikuwa sheria ya bweni lake mwenyewe. Aliwahi kuisimamia akiwa kiranja, kwa ukali, kwa wengine.

"Simu inashika wapi huku?" aliuliza.

Jesca alimwongoza hadi kwenye jiwe kubwa juu ya mashamba, mahali ambapo watu wote wa kitongoji husimama kutafuta mtandao. Chini yao wanaume na wanawake walikuwa wakikata kabichi. Eustace akampigia mwenyekiti; saa hiyo mkutano mjini ulikuwa umeanza.

"Mama Filomena, shikamoo. Tafadhali weka sauti kubwa, wote wasikie."

"Marahaba. Hatukusikii, baba. Kuna upepo. Paza sauti."

Akapaza. "Nilisema mwanamke yule anastahili upweke. Nilikosea. Nilimsoma vibaya wa kitabuni, nikamsoma vibaya zaidi aliyekaa mbele yangu. Naomba radhi kwake, palepale nilipomhukumu. Na yale ya kobe mliyoyapigia makofi ni maoni ya Jesca, binti yake, mwenye miaka saba."

Kule mjini kikombe kilianguka. "Mungu wangu," alisema Mama Filomena polepole. "Saba."

Visu vya kabichi vilikuwa vimesimama. Editha aliinuka kati ya matuta, kanga kiunoni, miguu ina tope.

"Eustace, umekitangazia kijiji kizima."

"Nilikusudia mji tu."

"Umemaliza?"

"Bado." Sauti yake ilishuka. "Kama utaniruhusu, nataka kumleta mshenga."

Mzee mmoja aliyeegemea jembe chini ya jiwe alikohoa.

"Huyo ni Mjomba Yeremia," alisema Editha. "Kwetu Waluguru, mshenga lazima apite kwa mjomba."

Uso wa Eustace ulibadilika. Mjomba alikuwa amesikia kila neno.

"Hilo la kwanza tumelisikia, baba," alisema mzee. "Hilo la pili upepo umelila. Lirudie."

Eustace aliunyosha mgongo, akavuta pumzi, akalisema kwa milima yote: anaomba ruhusa ya kuleta mshenga kwa Editha, mama wa Jesca, na kuwa baba wa Jesca ikiwa mwenyewe atakubali.

"Nitafikiria," alisema Jesca.

"Kuleta, ulete," alisema Mjomba Yeremia. "Tuna maswali mengi."

Editha alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga. Haikujulikana kama analia au anacheka, mpaka alipopanda hadi chini ya jiwe na, huku akicheka, kumnyoshea mkono amsaidie kushuka.