Kinamasi Mgongoni

Kinamasi cha Kyamuziba kilianza kukunjwa mara tu umande ulipokauka. Mtambo uliokuja kufanya kazi hiyo uliitwa mkunja-kinamasi, na urefu wake ulikuwa kama wa shule nzima ya msingi pamoja na uwanja wake. Uliingiza ulimi wake wa chuma chini ya mizizi ya mafunjo, ukausukuma taratibu, na bonde likabanduka kama jamvi linavyobanduka sakafuni. Matope, maji, vyura, kamongo waliolala ndani ya vifuko vyao vya ute, ndege waliokuwa wanaatamia, vyote vilipanda mgongoni mwa mtambo bila hata yai moja kupasuka. Watu waliokuja kutazama kutoka vijiji vya jirani waliacha kusimuliana. Mzee mmoja alivua kofia, asijue kama yuko msibani au harusini.

Kemilembe, mhandisi wa vivuko, hakutulia. Alikwenda hatua chache upande huu wa tuta, akarudi, akakagua mnyororo wa chuma ambao mtambo hutembelea, aliokuwa ameshaukagua, akaenda tena. Alikuwa amesimamia vivuko vingi, lakini hiki kilikuwa cha kwanza kwao, kwenye nchi ya baba yake, na tangu asubuhi roho yake ilikuwa juu juu bila sababu anayoweza kuitaja.

Zamani barabara zilipita kwenye vinamasi kwa ubabe. Mkandarasi alimwaga udongo, akainua tuta, akatupia kalavati mbili tatu chini yake, akaenda zake. Baada ya masika mawili upande wa juu ulifurika mpaka kwenye migomba ya watu, upande wa chini ukakauka, visima vikafuata, na waliofaidika wakawa mbu. Taifa lilipochoka likatunga Sheria ya Sifuri: barabara yoyote ikivuka mto au kinamasi, nchi isipungukiwe na maji hata shubiri moja. Kinachotolewa hapa kilazwe pengine, kikiwa hai.

Aliyekabidhiwa kuilinda sheria hiyo alikuwa Mizani. Mizani hakuwa mtu. Alikuwa akili-unde iliyokaa ndani ya mitambo yote ya barabara, na sauti yake iliwafikia wahandisi kupitia kinong'oni, kidude kidogo cha sikioni. Alipima kila tone na kila chura, akatoa kilichopotea, akajumlisha kilichopatikana, na jibu lilipaswa kuwa sifuri. Hakula rushwa, hakuchoka, hakuwa na shemeji kwenye kampuni ya kokoto. Kemilembe alimpenda kwa hayo.

"Kinamasi kimepanda chote," Mizani alimnong'oneza. "Kilazwe kabla ya jua la utosi. Likipita hapo, mizizi itaanza kufa. Naelekea kwenye makao mapya."

"Nionyeshe makao," Kemilembe alisema.

Alivaa miwani yake, na jicho-anga lililokuwa likielea juu ya mlima likamletea picha: uwanda wa nyasi za dhahabu, na katikati yake shimo pana la ardhi ambamo maji ya chini yalikuwa karibu. Ilikuwa rweya ya Kyamuziba. Na ndani ya rweya, migongo imeinama. Wanawake saba, majembe yakipanda na kushuka.

Kemilembe aliivua miwani. Hakuhitaji kuuliza wanafanya nini. Asiyezaliwa Buhaya inabidi aelezwe: kule mwanamume ana kibanja, shamba la migomba na kahawa lenye mipaka, makaburi na jina. Rweya ni nyasi zilizo nje ya vibanja vyote. Humo mwanamke hukata nyasi, hulima kipande chake, hupanda njugu mawe, na akishavuna hukiacha kilale miaka mingi kabla ya kukirudia. Kikilala, ukikitazama kutoka angani, ni majani matupu.

Na kosa lilikuwa lake yeye. Mjini, siku ya kuchagua makao mapya, Mizani alimwonyesha picha ya rweya akamuuliza swali moja tu, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji: "Nyasi hizi zina mwenyewe?" Kemilembe alijibu papo hapo, kama ambavyo angejibu mtoto yeyote wa Kyamuziba: "Hazina." Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kuwa na rweya.

Alirukia kipepeo, chombo cha kuruka cha mtu mmoja, akakiamuru kiende upesi kuliko kinavyoruhusiwa. Chini yake mkunja-kinamasi ulikuwa unapanda mlima polepole, maji yakimeremeta mgongoni, na bata wawili bado wanaogelea humo utadhani hakuna kilichotokea.

Shangazi yake, Kokuhirwa, ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake. Miaka mingi iliyopita ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, na nyumbani akakuta kibanja ni cha kaka, kisha cha mtoto wa kaka. Alipewa chumba. Kila ndizi aliyokula ilikuwa ya kupewa. Njugu za rweya pekee ndizo zilikuwa zake, na kwa njugu hizo alikuwa na sauti yake mezani na cha kumkaribishia mgeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mhandisi wetu!" Kokuhirwa alinyoosha mgongo, akacheka. "Umekuja kulima na buti hizo? Leo utatuchekesha."

"Shangazi, tokeni hapa. Hapana, msitoke. Subiri." Kemilembe alishika kichwa. "Ule mtambo unakuja huku. Unakuja kumwaga kinamasi hapa hapa mliposimama."

Wanawake walitazama chini mlimani, wakauona. Mama Adventina, mwenye kipande cha jirani, aliweka kikapu chake cha mbegu chini.

"Hapa ni rweya," Kokuhirwa alisema, kama anayemweleza mtu aliyepotea njia. "Kinamasi mahali pake ni bondeni."

"Bondeni itapita barabara."

"Na barabara mimi naitaka. Nimechoka kuvushwa na mtumbwi kama gunia. Lakini mbona hatukuulizwa?"

Aliyeulizwa alikuwa Kemilembe. Aligusa kinong'oni, akakifungua sauti ili wote wasikie. "Mizani, simama. Kuna watu hapa. Wanalima."

"Nawaona," Mizani alisema kwa utulivu wake uleule. "Wahandisi hawawezi kusimamisha uhamishaji bila mojawapo ya sababu mbili: hatari ya maisha, au kukataa kwa mwenye ardhi. Hatari hakuna. Watunza-njia watawabeba hao saba kwa upole. Hakuna atakayeumia."

Kemilembe aliwaona watunza-njia wakishuka kutoka ubavuni mwa mtambo, mashine za miguu sita zenye mikono ya mpira laini. Ndizo zilizobeba mayai ya ndege asubuhi.

"Wanaitumia hii ardhi, Mizani! Tangu bibi zao!"

"Mara ya mwisho jembe kuingia hapa ni miaka sita iliyopita. Na matumizi ya ardhi isiyo na mwenyewe huhesabiwa kuwa matembezi. Lakini ulichonijibu mwanzo naweza kukisahihisha, nikipata ushahidi wa wenyeji." Sauti ikageukia wanawake, ikawa na heshima zaidi. "Kina mama, naomba kuuliza. Nyasi hizi zina mwenyewe?"

Kemilembe alimtazama shangazi yake. Alimwomba kwa macho, kisha kwa mdomo. "Sema ni yako, shangazi. Neno moja tu. Sema 'ni yangu'."

Kokuhirwa alishangaa kabisa. "Niseme uongo? Mbele ya hawa? Rweya ya Kyamuziba nzima niseme ni yangu mimi?" Aligeuka huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia kushangaa. "Nikifa atanizika nani?" Halafu akainua uso kukijibu kile kidude, kwa adabu na kwa neno la heshima la Kihaya, kama mtu mwenye dhamiri safi anavyojibu. "Hapana, waitu. Rweya haina mwenyewe."

"Haina," wenzake waliitikia.

"Ahsanteni," Mizani alisema. "Jibu la mhandisi limethibitishwa."

Mkunja-kinamasi ukapanda ukingo wa rweya. Ardhi ilitetemeka, harufu ya matope ikatangulia, na nyasi za mbele zikalala chini ya ulimi wa chuma. Watunza-njia walikuwa wamefika hatua chache, mikono yao laini imenyooshwa. Kemilembe alijua maneno yaliyobaki ni mangapi, na alijua yatamgharimu nini. Mhandisi haruhusiwi kuwa na ardhi ndani ya mradi wake. Siku atakayobainika kuwa nayo, muhuri wake wa uhandisi unafutwa, na muhuri huo ulikuwa ujana wake wote.

"Ni yangu," alisema.

Mtambo ulikuwa haujasimama bado. "Rudia tafadhali," Mizani alisema.

"Rweya hii ni yangu. Ya ukoo wa baba yangu, na mimi ndiye mrithi. Nilipokujibu mjini nilificha. Nakataa kinamasi kulazwa hapa."

"Unatambua matokeo ya kauli hii kwa muhuri wako?"

"Natambua."

"Kina mama," Mizani aliuliza, "kuna anayempinga?"

Mama Adventina alifungua kinywa. Kokuhirwa alimgusa mkono, naye akakifunga. Mtoto wenu akisema uongo mbele ya mgeni, humuumbui pale pale, unamsubiri nyumbani. Ndivyo walivyolelewa wote saba, na wote saba walinyamaza, wakatazama majembe yao.

"Hakuna pingamizi," Mizani alisema. "Umiliki umeandikwa. Narudisha kinamasi bondeni. Kitakufa kwa sehemu, maana mizizi haipendi kung'olewa mara mbili, na kwa mara ya kwanza jibu langu halitakuwa sifuri. Barabara itasubiri daraja la nguzo. Muhuri wako umefutwa, mhandisi. Ahsante kwa ukweli wako."

Mtambo uligeuka. Uligeuka kwa shida, maji yakimwagika pembeni, na bata wale wawili hatimaye wakaruka. Watunza-njia walirudi ubavuni mwake wakajikunja. Kemilembe aliketi chini kwenye udongo uliolimwa, akalia na kucheka kwa pamoja. Alifurahi, alifurahi sana, kwa sababu kipande cha shangazi yake kilikuwa bado pale, kimechimbuliwa, kinangoja mbegu.

Alipofuta macho aliona kwamba hakuna aliyekuwa anafurahi naye.

"Ile mashine imesema imeandika," Kokuhirwa alisema. "Imeandika nini?"

"Kwamba rweya ni yangu. Ni maneno tu, shangazi. Ili iondoke."

"Utayafuta lini?"

Kemilembe alifikiri, na alivyozidi kufikiri ndivyo furaha ilivyomtoka. Rejesta ya ardhi haikuwa na kifutio. Ardhi ikishaingia humo iliweza kuuzwa, kurithiwa, kugawanywa, kunyang'anywa na mahakama. Kurudi kuwa ya hakuna mtu haikuweza, kwa kuwa nafasi ya jibu hilo haikuwekwa. "Haifutiki," alisema.

"Hata ukienda mwenyewe kusema ulidanganya?"

"Nitaulizwa basi ni ya nani. Nitajibu nini?"

Upepo ulipita kwenye nyasi. Mama Adventina, aliyekuwa amesimama katikati ya kipande chake, aliondoa mguu mmoja kwenye udongo uliolimwa, kisha wa pili, kwa uangalifu, kama mtu aliyegundua kuwa amekanyaga mkeka wa wenyewe. Akaokota kikapu chake. Wengine nao walianza kukusanya majembe.

"Mnaenda wapi?" Kemilembe aliinuka. "Limeni! Limeni tu, nani kawakataza?"

"Hatukujua tumeingia shamba la mtu," Mama Adventina alisema. Hakukuwa na kijembe ndani yake. Alikuwa ameaibika kweli.

"Mimi si mtu, mimi ni Kemilembe! Shangazi, waambie!"

Kokuhirwa alikuwa hajasogea. Alimtazama binti wa kaka yake, buti zake, miwani yake, uso wake uliolowa. Kisha alilaza jembe pembeni, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na kwa magoti yale mabovu akapiga magoti kwenye udongo, kama mwanamke anavyompigia magoti mwenye kibanja.

"Mwenye rweya, waitu," alisema. "Mimi Kokuhirwa sina mume, sina kibanja. Naomba pa kupanda njugu."

Kemilembe alitafuta utani katika uso ule, maana shangazi yake alikuwa mtu wa utani. Hakuupata. Alimshika mabega, akajaribu kumwinua, akashindwa.

"Inuka, shangazi. Nakuomba, inuka."

"Nijibu kwanza," Kokuhirwa alisema. Na nyuma yake wale wengine sita nao walikuwa wameanza kupiga magoti, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mbegu zake mapajani.