Kisanduku cha Fundi Mwinjuma

Mfaume alikwenda Keko akiwa na hasira, na mtu mwenye hasira hanusi harufu ya mahali anapoingia.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka tisini na mbili, jua linatua. Alikuwa ametumwa kazi ya kawaida tu: kuchukua kasha la spika ambalo bendi yao, Super Kizinga, ililipeleka kwa maseremala likazibwe nyufa. Lakini moyoni alikuwa na lake. Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wao kule Temeke, mashabiki walimzomea. Yeye, Mfaume, aliyepiga gitaa la solo miaka kumi na miwili. Mama mmoja alisogea hadi jukwaani akamwambia gitaa lake linakoroma kama redio yenye betri mbovu, linamharibia Benedikto.

Benedikto alikuwa mpiga gitaa mwenzake. Wote wawili walikuwa na pedeli za bati, vile viboksi vya rangi ya machungwa ambavyo mpiga gitaa huvikanyaga kwa mguu, na sauti ya gitaa ikageuka. Tangu serikali ilipolegeza biashara, vilijaa madukani Kariakoo kama sabuni. Vilitoka kiwandani vyote sawasawa na vililia sawasawa, na hakuna mpiga gitaa mjini aliyekosa chake. Kisha, baada ya Pasaka, Benedikto akaja mazoezini na kisanduku cha mbao ya mninga kilichotengenezwa kwa mkono, hakina hata jina. Alipokikanyaga, watu waliacha kucheza. Wengine walilia. Haukupita mwezi, kiongozi wa bendi akampa solo Benedikto, na Mfaume akarudishwa nyuma kupiga ridhimu.

Alimbana Benedikto siku tatu mpaka akamtajia jina la fundi.

Banda la Fundi Mwinjuma lilikuwa nyuma kabisa, ukishapita makabati na vitanda vilivyopangwa kando ya barabara. Mabanda mengine yalikuwa na kelele za kufunga kazi: misumari inarudishwa koponi, mbao zinaburutwa. Kwa Mwinjuma kulikuwa kimya. Kimya cha chumba ambacho watu wameacha kuzungumza kwa sababu umeingia wewe.

Ndani kulinukia vanishi. Chini ya vanishi kulikuwa na harufu nyingine, kama nywele zilizoungua… Mfaume hakuijali.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba.”

Alikuwa mtu mnene, msafi, kanzu yake haina hata doa la gundi. Alinong'ona. Si kwa ugonjwa; alinong'ona kama mtu anayechelea kuwaamsha waliolala. Nyuma yake, juu ya rafu, visanduku saba vya mninga vilikuwa vimefunikwa vitambaa, kila kimoja na chake.

Fundi alimwambia alete pedeli yake ya bati, maana kuna vyuma ndani yake atavitumia. Alete na kitambaa.

“Kitambaa gani?”

“Kilichokaa kichwani kwa mwanamke wa nyumbani kwako. Awe msemaji. Mwanamke mkimya hanifai.”

“Cha kazi gani?”

“Cha kuzibia mvumo.”

Mfaume alilipokea jibu hilo kama lilivyo. Habari ya malipo aliambiwa wataizungumza akishakisikia kisanduku. Kesho yake alfajiri akaufungua mkoba wa mkewe uliotundikwa mlangoni, akachomoa ushungi wa kanga, akaukunja mfukoni. Hakuomba. Aliona ni kipande cha kanga tu, na kanga zipo.

Mkewe aliitwa Tunu, mzaliwa wa Temeke, wazazi wake Temeke, na babu zake huko huko. Alikuwa mwimbishaji wa harusi. Sauti yake ilikuwa pana, yenye mchanga kidogo chini yake, na akipiga hodi mtaa wa pili wanajua Tunu amefika. Alikuwa pia na ulimi. Mfaume akirudi asubuhi bila maelezo, majirani walipata maelezo yote kabla yake. Waligombana sana, wakacheka sana. Nyumba yao haikuwahi kuwa na ukimya.

Kisanduku kilikuwa tayari siku ya nne. Jumamosi hiyo Mfaume alikikanyaga mara moja tu, na gitaa likalia.

Halikulia kama gitaa. Lilivuta pumzi kwanza.

Ukumbi mzima ulisimama. Yule mama aliyemzomea alijifunika uso kwa kanga. Kabla ya wimbo kwisha Mfaume alijua kwamba solo imerudi, na alimtazama Benedikto kwa jicho la kumkomoa.

Siku ya pili Tunu aliamka na mkwaruzo kooni. Wakasema mafua. Akanywa tangawizi na asali, akasukutua maji ya chumvi. Wiki ya pili alikuwa ananong'ona. Daktari alimulika koo kwa tochi, hakuona kidonda wala uvimbe, akamwandikia vidonge. Wiki ya tatu hata mnong'ono ulikata. Alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtutumka, na kilichotoka ni hewa.

Akawa anaita watu kwa kugonga mfuniko wa sufuria. Kila mtu amewahi kuwaona wanawake wenye hasira. Lakini mwanamke mwenye hasira asiye na sauti, huyo ni wa kumwogopa. Aligonga hadi mfuniko ukabonyea. Mfaume, kila sifa zake zilipopanda mjini, alizidi kuchukia kelele za ule mfuniko. Jioni moja alimnyang'anya akautupa uani. Tunu hakuufuata.

Alasiri ya siku iliyofuata bendi ilikuwa mazoezini. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepandanishwa, madirisha wazi. Tunu alikuja kumletea mumewe ufunguo wa nyumba aliousahau. Alifika mlangoni Mfaume akiwa katikati ya solo.

Ufunguo ukamwanguka.

Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya mumewe, akachuchumaa, akatega sikio juu ya kisanduku. Mfaume aliacha kupiga. Aliondoa mikono yote miwili kwenye nyuzi.

Spika haikunyamaza.

Ilihema…

Kisha, taratibu, kwa sauti pana yenye mchanga chini yake, ikasema:

“Mfaume.”

Mpiga ngoma alidondosha vijiti. Tunu alikuwa amefunga mdomo. Wote waliuona umefungwa. Aliweka kidole kwenye kiungo cha mbao, mahali ambapo uzi mwekundu ulichungulia, akauvuta kidogo. Pindo la ushungi wake. Akainuka, akampiga Mfaume kofi lililosikika hadi barabarani.

Benedikto alikuwa amekauka penye ukuta. Mama yake, Bi Yuliana, Mluguru aliyehamia Temeke kumfuata mwanawe, hakuwa amesema neno tangu Pasaka. Watu walisema kiharusi. Benedikto naye alisema kiharusi, na kila Jumamosi alikanyaga kisanduku chake, akifumba macho ili asiisikie vizuri sauti aliyokuwa anaijua.

Mfaume alitafuta bisibisi akakifungua kisanduku. Ndani, chini ya mbao nzuri na vanishi nzuri, kulikuwa na matumbo ya pedeli yake mwenyewe. Ileile ya Kariakoo. Hata alama ya M aliyoikwaruza kwa msumari ilikuwepo. Hakuna waya ulioongezwa, hakuna chuma kilichobadilishwa. Kilichozidi ni ushungi tu, umesokotwa ukafungwa mafundo, nao ulikuwa na uvuguvugu. Ulikuwa na unyevu, kama kitu kilichotoka kinywani.

Damu ilimchemka. Na tuseme kweli: katika dakika ile ya kwanza hakukasirikia sauti ya mkewe. Alikasirika kwamba amerudishiwa bati lake mwenyewe kama kitu kipya.

Tunu aliomba kalamu. Akaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo: *Usifungue mafundo. Aliyefunga ndiye afungue.* Akamshikisha karatasi, akamkunjia vidole juu yake. Benedikto alitoa kisanduku chake, akamwomba Mfaume akipeleke pamoja, yeye akakimbilia nyumbani kwa mama yake.

Mfaume alifika Keko magharibi ikiadhiniwa. Fundi Mwinjuma alikuwa amekaa palepale. Kanzu safi vilevile.

“Umeniibia mke wangu sauti.”

“Uliileta mwenyewe, imekunjwa mfukoni.”

“Uliniambia cha kuzibia mvumo.”

“Umesikia mvumo tangu siku ile?”

Mfaume alivitua visanduku vyote viwili mezani kwa kishindo. Rafuni, chini ya vitambaa, kitu kilishtuka. Fundi aliinua mkono kumtuliza, akamwambia kwa ule mnong'ono wake kwamba kila mpiga gitaa anakuja kwake akitaka gitaa lilie kama mtu, na bati la kiwandani halina mtu ndani yake. Yeye hafanyi zaidi ya kumtia mtu. Kama Mfaume amechoka, mafundo yanafunguka. Amwachie visanduku vyote viwili mpaka alfajiri, kwani mafundo hufunguliwa moja moja, kwa jina la mwenyewe.

“Kila sauti ina mlango wake,” alisema. “Ukizitoa kwa nguvu, zitaingia mlango wowote zitakaoukuta wazi.”

Karatasi ya Tunu ilikuwa bado kiganjani. Mfaume aliisikia inavyolowa jasho. Angeweza kungoja alfajiri. Usiku mmoja tu. Lakini yule mtu alikuwa ametulia mno. Hakuogopa, hakuomba radhi, na kanzu yake haikuwa na doa.

Mfaume alichukua nyundo.

Alianza na kisanduku chake. Kisha cha Benedikto. Kisha akapanda rafuni, akavunja cha kwanza, cha pili, cha tatu, mbao zikiruka, vitambaa vikichanika, akitukana matusi ambayo hakujua anayajua. Na kila kilipopasuka, kitu kilimpita sikioni. Pumzi. Kicheko. Mwanamke akihesabu mishono ya ukili wa mkeka. Mwanamke akimwita mtu ale. Mwanamke akisema hapana, hapana, hapana. Zikajaa bandani zote kwa pamoja, zikagonga mabati, zikatafuta…

Halafu zikatoka.

Kimya. Harufu ya nywele zilizoungua.

Fundi Mwinjuma hakuwa amejitikisa. Sasa alizungumza kwa sauti yake kamili, maana hapakuwa tena na wa kumwamsha.

“Haya. Nenda nyumbani ukasikilize.”

Mfaume alimkuta Tunu kitandani ameketi, mikono magotini. Alimweleza kwamba ameshinda, amevivunja vyote, ajaribu kusema. Tunu aliitazama ile karatasi iliyokunjamana mkononi mwa mumewe. Hakujaribu. Machozi yalimtiririka, na Mfaume akaona ajabu, akakasirika tena: baada ya yote hayo, hata shukrani?

Ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa Benedikto, amejishika kwenye fremu. Mama yake amefariki, alisema. Baada tu ya adhana ya magharibi. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akakata roho.

Tunu alisimama. Midomo ilimcheza.

“Beni, mwanangu,” alisema. “Mbona umechelewa?”

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kizee, yenye kukohoa mwishoni. Tunu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Benedikto alipiga magoti sakafuni.

Walipokwenda Keko asubuhi, banda lilikuwa tupu, limefagiwa. Maseremala wa jirani hawakujua Mwinjuma alikotoka wala alikokwenda. Mmoja alikiri kwamba na yeye aliwahi kuombwa kitambaa cha mkewe, akakataa, si kwa busara ila kwa kumwogopa mke.

Habari ilienea miongoni mwa wapiga gitaa kimyakimya, bila mtu kumtazama mwenzake usoni. Waliokuwa na visanduku vya mninga walivitoa majukwaani mmoja baada ya mwingine, wakarudi Kariakoo kununua viboksi vya bati. Mpaka hoteli za Mbezi Beach, ukisikia gitaa, ni bati. Mashabiki walilalamika kwamba muziki umekuwa mwepesi. Mfaume alipewa solo yake, na alipiga kwa bati, na lilikoroma, na alishukuru linavyokoroma.

Mchana hutembea masokoni. Tandika, Temeke, hadi Kinondoni. Husimama karibu na wanawake wanaopatana bei, akasikiliza mmoja mmoja, mpaka wanamfukuza. Sauti pana yenye mchanga ndani yake haijapatikana. Lakini ipo. Iko kinywani mwa mtu.

Nyumbani Tunu hasemi naye. Anaongea na majirani kwa ile sauti ya kizee, nao wameanza kuizoea. Kwa mumewe hata salamu hakuna. Na kila Jumapili baada ya misa, Benedikto huja na ndizi na mafuta ya nazi, husalimia shikamoo mlangoni kwa mwanamke anayelingana naye umri, naye huitikiwa marahaba. Mfaume hujikuta amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe, amekunja ngumi.

Mwanzoni walizungumza Kiswahili. Siku hizi, mlango ukishafungwa, ni Kiluguru. Tunu, mtoto wa Temeke, hajawahi kufika Morogoro. Anakizungumza bila kukwama, anacheka katikati, anakohoa mwishoni, na Benedikto anaitika kwa kunong'ona.

Mfaume hajui Kiluguru. Katika maneno yote hayo huambulia moja tu, linalorudiwa na kurudiwa, taratibu, bila hata chembe ya hasira.

Jina lake.